Asuran: Baba Aliyeitwa Mwoga

Wengi wetu huita "filamu ya Kihindi" kila filamu itokayo Bara Hindi, kana kwamba nchi ile yenye watu zaidi ya bilioni moja ina lugha moja na studio moja. Kumbe kule kusini, katika jimbo la Tamil Nadu, wamo wananchi wasemao Kitamil, lugha yenye fasihi ya zaidi ya miaka elfu mbili. Mji wao mkuu, Chennai, ambao hadi mwaka 1996 uliitwa Madras, una watayarishaji wake, waigizaji wake na watazamaji wake, wala hauhitaji kuazima chochote kutoka Mumbai. Filamu tunayoizungumza hapa ilitoka huko. Jina lake ni Asuran, yaani lile zimwi linalopigana na miungu katika visa vya kale vya Wahindu. Ilianza kuonyeshwa tarehe 4 Oktoba 2019, na habari yake ni kisasi.

Msomaji aliyevaa sare huenda akauliza: je, filamu za kisasi si ni zile zile? Mbaya anaua, mwema analia, mwema anajifunza kupigana, mbaya anakufa, na watu wanarudi majumbani wakiwa wameridhika. Asuran haikupita njia hiyo. Humu mtu ajuaye kupigana kuliko wote ndiye asiyetaka kabisa kupigana, na kwa ajili hiyo mkewe na mwanawe wanamwona mwoga. Watu waliokabidhiwa silaha na taifa watakuwa na mengi ya kufikiri juu ya mtu wa namna hiyo.

USIKU WA KUKIMBIA

Sivasaami ni mkulima maskini wa tabaka la chini, mwenye kipande cha shamba ambacho kabaila wa kijiji jirani, Narasimhan, anakitamani kwa ajili ya kiwanda cha saruji. Ugomvi waanza kwa jambo linaloonekana dogo: kabaila azungusha ua wa waya za umeme, na mbwa wa yule mkulima akafa hapo. Kutoka kwa mbwa mambo yapanda hadi kwa watu. Mwana mkubwa, Murugan, kijana mwenye damu ya moto, apigana na watu wa kabaila na kutiwa ndani. Ili aachiliwe, baba aambiwa aanguke kifudifudi miguuni pa kila mwanamume wa kijiji kile, mmoja baada ya mwingine. Naye aanguka.

Hapo ndipo penye moyo wa filamu. Sivasaami hashiki mundu, hatukani, hajibu neno. Mwanawe apatapo habari jinsi uhuru wake ulivyonunuliwa, hawezi kuvumilia. Amwendea kabaila na kumpiga kwa kiatu, na katika Bara Hindi pigo la kiatu ni aibu kubwa kuliko pigo la rungu. Siku chache baadaye Murugan auawa, na mwili wake waachwa bila kichwa.

Mama, Pachaiyammal, apoteza furaha yote. Baba aendelea kulima. Miezi yapita bila yeye kufanya lolote, na kila mlo nyumbani mle ni shitaka dhidi yake. Mwishowe mwana wa pili, Chidambaram, ambaye ni mtoto mdogo tu, atoka peke yake na kumwua Narasimhan.

Filamu yafunguka baada ya mauaji hayo, usiku, baba na mwana wakikimbia. Ofisa yeyote aliyepata kuongoza doria ya usiku atautazama mpango wa mzee huyu kwa jicho la kazi. Aligawa jamaa yake mara mbili: yeye na mtoto wapitia porini, mama na binti mdogo wafuatana na mjomba wao kwa njia nyingine, ili adui akilikuta kundi moja, jingine lisalie. Wanavuka maji, wanatembea gizani, wanalala mahali pasipo na njia, na mabomu ya kienyeji hayatumiwi ovyo. Mtoto anamfuata kwa dharau, akidhani anaongozwa na mtu aliyekwisha. Hajui kwamba baba yake amewahi kupita njia kama hiyo, wala kwa nini.

RIWAYA YA POOMANI

Kisa hiki hakikubuniwa studioni. Kimetokana na riwaya iitwayo Vekkai, maana yake joto kali, iliyoandikwa na Poomani na kutolewa mwaka 1982. Poomani ni mwandishi wa sehemu za Kovilpatti, nchi kavu yenye udongo mweusi wa pamba, mashuhuri kwa viwanda vya viberiti; na jirani yake upo mji wa Sivakasi, mashuhuri kwa fataki. Si ajabu basi kwamba katika hadithi za huko baruti si kitu kigeni mikononi mwa wakulima. Mwaka 2014 mwandishi huyu alipata tuzo ya Sahitya Akademi, ambayo ni heshima ya taifa kwa waandishi wa Bara Hindi, kwa riwaya yake nyingine, Agnaadi.

Katika riwaya yule kijana alikusudia kumkata kabaila mkono tu. Kosa la pigo moja, na mkono ukawa maiti. Kila askari aliyefundishwa silaha amekwisha kuambiwa hilo na mkufunzi wake: mwenye kupiga huchagua kupiga, lakini hachagui pigo litaishia wapi.

Mwongozaji, Vetrimaaran, aliichukua safari hiyo ya baba na mwana, kisha akaongeza sehemu ndefu juu ya ujana wa baba. Katika sehemu hiyo Sivasaami ni mtengenezaji wa pombe haramu kwa tajiri mmoja, kijana mwenye nguvu na majivuno, mwenye mchumba aitwaye Mariyammal. Mchumba huyo aadhibiwa hadharani kwa kosa la kupita na ndara miguuni katika mtaa wa wenye tabaka la juu. Desturi hiyo ilikuwako kweli: watu wa tabaka la chini walipaswa kuvua viatu na kwenda pekupeku mbele ya mabwana. Wakati huo huo wanakijiji wanadai ardhi yao. Jibu la mabwana ni moto. Nyumba zachomwa watu wakiwa ndani, na Mariyammal afa humo. Sivasaami ashika silaha na kulipiza kisasi chote, bila kubakiza.

Basi yule mzee aliyeanguka miguuni pa watu alikuwa amekwisha kulipiza kisasi kabla mwanawe hajazaliwa, na alijua alichokipata: hakumrudisha hata mmoja wa waliokufa.

MOTO WA KWELI

Mtazamaji wa Tamil Nadu aonapo nyumba zile zikiwaka hahitaji kuelezwa. Usiku wa tarehe 25 Desemba 1968, katika kijiji cha Kilvenmani, kwenye mashamba ya mpunga ya mashariki mwa jimbo, watu 44 wa familia za vibarua, wengi wao wanawake na watoto, waliteketezwa ndani ya kibanda walimokimbilia. Kosa lao lilikuwa kujiunga katika chama na kudai nyongeza ya ujira. Makabaila walishitakiwa, wakahukumiwa kifungo, kisha Mahakama Kuu ya Madras ikawaachia. Majaji walisema kuwa ni vigumu kuamini kwamba matajiri wa namna ile wangekwenda wenyewe kwa miguu kuchoma nyumba. Mwaka 1980 kabaila aliyetajwa kuwa kiongozi wa tendo lile, Gopalakrishna Naidu, aliuawa.

Miaka kumi na miwili ilikuwa imepita tangu moto ule.

Jambo la ardhi nalo lina historia yake. Mwaka 1891 ofisa mmoja wa serikali ya Waingereza, Tremenheere, aliyesimamia wilaya ya Chingleput, aliandika taarifa juu ya hali mbaya ya watu wa tabaka la chini, na mwaka uliofuata serikali ikaanza kuwagawia ardhi inayojulikana kwa jina la Panchami, inayokadiriwa kufika ekari milioni 1.2. Sharti lilikuwa kwamba ardhi hiyo isiuzwe kwa watu wa matabaka mengine. Sehemu kubwa ilikwisha kuwaponyoka. Filamu ilipotoka, M. K. Stalin, ambaye wakati ule alikuwa kiongozi wa upinzani katika jimbo, aliisifu kwa maneno makubwa. Wapinzani wake wa chama cha PMK wakamjibu papo hapo kwamba ofisi za Murasoli, gazeti la chama chake, zimesimama juu ya ardhi ya Panchami. Yeye akakana. Ni filamu chache zinazowafanya wanasiasa kutafutiana hati za viwanja.

KAZI YA KUITENGENEZA

Upigaji picha ulianza mwishoni mwa Januari 2019 katika sehemu hizo hizo za Kovilpatti, na Oktoba filamu ikawa imekwisha kufika kwenye majumba ya sinema. Kwa kazi yenye misitu, maji, usiku na mapigano, huo ni mwendo wa haraka. Mtayarishaji alikuwa Kalaippuli S. Thanu. Mpiga picha Velraj na mwongozaji walikwisha kufanya kazi pamoja mara nyingi, na urafiki huo wa kazi unaonekana katika picha za usiku. Muziki ni wa G. V. Prakash Kumar, na mapigano yalipangwa na Peter Hein, bingwa mwenye jina kubwa katika kazi hiyo kote kusini.

Juu ya mapigano hayo nina neno. Baadhi yake ni ya kweli kiasi cha kutisha: mtu anachoka, anateleza, jeraha linamzuia. Lakini yapo mahali ambapo mzee mmoja mwenye mkuki anawaangusha wanaume wazima kama anayefyeka majani, na hapo filamu inakumbuka kwamba watu wamelipa kiingilio. Askari wasije wakachukua somo la mbinu kwenye sehemu hizo. Damu nayo ingeweza kupunguzwa bila hasara.

Sivasaami anaigizwa na Dhanush, aliyezaliwa Julai 1983. Walipoanza kazi alikuwa hajatimiza miaka 36, naye alitakiwa awe baba wa vijana wakubwa, kisha katika sehemu ya ujana awe barobaro. Hakutegemea mvi peke yake. Tazameni mabega yake na namna anavyosimama mbele ya wakubwa: ni mwili uliozoea kujikunja. Mkewe anaigizwa na Manju Warrier, mwigizaji mashuhuri wa filamu za Kimalayalam za jimbo la Kerala, ambaye hii ilikuwa filamu yake ya kwanza ya Kitamil. Ken Karunas ni yule mtoto mkimbizi, na Prakash Raj ni wakili Seshadri.

Dhanush na Vetrimaaran walikuwa wamekwisha kutengeneza pamoja Polladhavan (2007), Aadukalam (2011) na Vada Chennai (2018). Asuran ilichaguliwa kuwa filamu bora ya Kitamil katika tuzo za taifa zilizotangazwa Machi 2021, na Dhanush akatajwa mwigizaji bora, tuzo aliyogawana na Manoj Bajpayee. Mwaka huo huo hadithi ikatengenezwa upya kwa lugha ya Kitelugu kwa jina la Narappa.

KITUO CHA POLISI

Ndugu zetu wa polisi hawatafurahi kuona kwamba katika filamu hii kituo si kimbilio la mnyonge. Familia inayowindwa haikimbilii huko. Inamtafuta wakili, ili ijisalimishe moja kwa moja mbele ya hakimu, kwa kuwa inaamini kwamba njiani kati ya kituo na mahakama mtu anaweza kupotea. Vetrimaaran halisemi hilo kwa mara ya kwanza. Mwaka 2015 alitoa Visaaranai, maana yake mahojiano, iliyotokana na kitabu cha M. Chandrakumar, dereva wa bajaji aliyesimulia mateso aliyoyapata mikononi mwa polisi wa jimbo jirani. Bara Hindi iliiteua filamu hiyo iiwakilishe katika mashindano ya Oscar. Kisha katika Viduthalai, iliyotoka kwa sehemu mbili mwaka 2023 na 2024, akamfanya konstebo wa cheo cha chini kuwa mtu tunayemfuata katika operesheni ya milimani, naye konstebo huyo ni mwema. Kwa hiyo si sahihi kumwita mwongozaji huyu adui wa sare. Analoliuliza kila mara ni moja: raia mnyonge akipigwa, ni mlango upi atakaougonga na ukafunguka? Katika kijiji cha Sivasaami milango yote ilifungwa kwanza, na mundu ukaja baadaye.

Mwishoni, mapigano yakiisha, Sivasaami aenda mahakamani kuyabeba yeye makosa yote ya jamaa yake, hata lile la mtoto. Kabla ya kuingia amwambia Chidambaram akasome, kwa kuwa shamba wataliteka na fedha wataipora, bali elimu hawana namna ya kumpokonya. Na akipata madaraka, asiwatendee watu kama wao walivyotendewa. Mtoto asikiliza bila kujibu. Yule aliyekuwa akimwita baba yake mwoga sasa anamtazama mgongoni, akielekea kwa hakimu kwa mwendo wa polepole. Mzee ageuka mara moja, awatazama jamaa zake, atabasamu, aingia.