Jiwe Lililoungua Likarudi Kuwa Jiwe: Somo la Maada, Mabadiliko Yake na Usalama wa Maabara



Ndugu wasomaji, katika ziara ya kutembelea msikiti wa kale wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, mwanafunzi mmoja wa darasa la saba aliupapasa ukuta kisha akauliza: "Maalim, hapa walitia sementi ya aina gani?" Wenzake wakamcheka. Mimi sikucheka, kwa sababu suali lile lina ndani yake nusu ya somo la kemia la mwaka mzima, na leo nataka kulijibu kwa urefu kidogo kuliko nilivyolijibu siku ile huku basi likitusubiri.

Maandishi ya Kikufi yaliyochongwa upande wa kibla wa msikiti ule yanataja mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107 Miladia. Jengo limefanyiwa matengenezo makubwa baadaye, hasa katika karne ya 18, lakini hata matengenezo hayo ni ya zamani kuliko sementi. Sementi tunayonunua leo madukani, inayoitwa ya Portland, ilisajiliwa Uingereza na fundi Joseph Aspdin mwaka 1824. Basi mafundi wetu walishikanisha mawe kwa kitu gani? Kwa chokaa. Na chokaa hiyo waliipata kwa kuyachoma mawe yenyewe.

Kabla hatujafika kwenye moto, tuelewane juu ya maneno. Maada ni kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. Jiwe ni maada, maji ni maada, na hewa pia ni maada. Anayebisha aujaze upepo mpira wa baiskeli uliolala kisha aone kama haukuchukua nafasi. Tunazijua hali zake tatu: yabisi kama jiwe, kimiminika kama maji, na gesi kama hewa. Maada yote imejengwa kwa vipande vidogo mno viitwavyo atomu. Maada yenye atomu za aina moja tu, kama chuma au dhahabu, huitwa elementi, na mpaka sasa wanasayansi wanazijua elementi 118. Elementi zikiungana kwa kushikamana kabisa huzaliwa kampaundi, na kampaundi haifanani na wazazi wake. Chumvi ya mezani ni mfano mzuri. Mzazi wake mmoja ni sodiamu, metali laini inayolipuka ikitiwa majini. Wa pili ni klorini, gesi yenye sumu. Wakiungana, tunapata kitu tunachotia kwenye mchuzi kila siku.

Sasa tazama mabadiliko. Ukitia maji kwenye barafu ya friji yakaganda, kisha ukayaacha yakayeyuka, umepata maji yale yale. Wavunaji wa chumvi huingiza maji ya bahari kwenye mabwawa mafupi, jua likayakausha, chumvi ikabaki chini; katika kila lita ya maji ya bahari mna chumvi ya gramu 35 hivi. Chumvi ile haikuzaliwa bwawani. Ilikuwamo tangu mwanzo, jua limeondoa maji tu. Haya huitwa mabadiliko ya kiumbo: umbo au hali imebadilika, kitu ni kile kile.

Mabadiliko ya kikemikali ni mambo mengine. Hapo kitu cha zamani hutoweka na kipya huzaliwa. Dalili zake ni kama kubadilika rangi, kutoka mapovu, kutoka joto au mwanga, au harufu mpya. Kutu kwenye mabati yetu ya pwani ni mfano. Ugali ulioungua chini ya sufuria ni mfano pia, na hakuna mama aliyewahi kuurudisha ukawa unga. Lakini tahadhari: dalili moja peke yake inaweza kudanganya. Maji yanayochemka hutoa mapovu, na bado ni maji. Kinachokata shauri ni kama kimezaliwa kitu kipya.

Turudi kwenye chokaa. Wachoma chokaa wa pwani walipanga magogo tabaka juu ya tabaka, wakarundika juu yake mawe ya matumbawe yaliyovunjwavunjwa, kisha wakatia moto. (Kazi hii ilikula mikoko na matumbawe mengi, na leo tunajua hasara yake kwa samaki na fukwe, lakini hapa tunazungumzia kemia.) Jiwe la matumbawe kwa sehemu kubwa ni kampaundi iitwayo kalisiamu kaboneti. Likipata joto la kiasi cha nyuzi 900 za Selsiasi, kampaundi hiyo huvunjika. Gesi ya kabonidayoksaidi huondoka na kupotea hewani, na kinachobaki ni kalisiamu oksaidi, yaani chokaa isiyozimwa.

Kwa hesabu, kilo 100 za kalisiamu kaboneti safi hutoa kilo 56 za chokaa isiyozimwa na kilo 44 za gesi. Ukijumlisha unapata 100 tena. Hakuna kilichopotea wala kuongezeka; atomu ni zile zile, zimebadilisha jirani tu. Mwanafunzi atakayeishika hesabu hii hatahangaika sana na milinganyo ya kemia atakapofika sekondari.

Hatua ya pili ni kuizima chokaa kwa maji. Kilo zile 56 huungana na kilo 18 za maji, na tunapata kilo 74 za chokaa iliyozimwa. Nimesema huungana, sikusema hulowa. Maji hayo yameingia ndani ya kampaundi mpya, na muungano huo hutoa joto kali hata maji ya ziada huweza kuchemka bila ya kuni. Ndiyo maana mafundi hawaizimi kwa haraka, na huwafukuza watoto.

Hatua ya tatu ndiyo inayonishangaza mimi mpaka leo. Fundi huchanganya chokaa iliyozimwa na mchanga, pengine na udongo mwekundu, akajengea. Maji ya juu juu hukauka katika siku chache, na mtu hudhani kazi imekwisha. Kumbe ukuta unaanza kuvuta kutoka hewani gesi ile ile iliyoondoka siku ya kuchomwa. Kilo 74 za chokaa huchukua kilo 44 za kabonidayoksaidi, hutoa kilo 18 za maji, na hurudi kuwa kilo 100 za kalisiamu kaboneti. Yaani jiwe limeungua, likawa unga, likarudi kuwa jiwe. Kazi hii huenda polepole sana. Katika kuta nene huchukua miaka. Kwa hiyo jibu la mwanafunzi wetu ni kwamba kilichoshika mawe ya ukuta ule ni jiwe jingine, lililotengenezwa na moto, maji na hewa. Na kama nyumbani kwenu mna ukuta wa zamani wa chokaa, mwambieni baba asiupake sementi juu. Sementi huufungia ukuta unyevu ndani, nao huanza kuoza na kubomoka, wakati chokaa huuacha upumue.

Jaribio la nyumbani ni hili. Chukua yai bichi, litie kwenye gilasi, mimina siki mpaka lifunikwe. Ganda la yai limejengwa na kalisiamu kaboneti, sawa na jiwe letu. Utaona mapovu madogo yakipanda. Hayo ni kabonidayoksaidi. Baada ya siku moja au mbili, ukibadilisha siki mara moja, ganda litakuwa limetoweka na yai limebaki na ngozi laini. Moto ulilivunja jiwe kwa joto, siki inalivunja ganda kwa tindikali, na gesi inayotoka ni ile ile. Yai hilo lisiliwe, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Skuli, mwalimu wenu akiwapo, fanyeni na la maji ya chokaa. Puliza taratibu kwa mrija ndani ya maji safi ya chokaa, na yatageuka meupe kama tui, kwa sababu pumzi yako ina kabonidayoksaidi na chokaa inarudi kuwa kaboneti mbele ya macho yako. Vaa miwani ya kinga, puliza tu, usivute. Maji ya chokaa huunguza koo.

Hapa ndipo tunapofika kwenye usalama, na sababu yake imo ndani ya somo lenyewe. Katika mabadiliko ya kikemikali huzaliwa kitu kipya, na kitu hicho hakilazimiki kuwa na tabia za kile ulichokijua. Jiwe la matumbawe unaweza kulikalia. Chokaa yake isiyozimwa, nyeupe kama unga wa ngano, ikiingia jichoni inaweza kukupofua. Chokaa ni alkali, na alkali kali kwa jicho mara nyingi ni mbaya kuliko tindikali, kwa kuwa hupenya ndani na kuendelea kuunguza. Ikimpata mtu, msimsugue jicho wala msimtie maziwa. Yapanueni makope, mumimine maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kama ni unga mkavu kwenye ngozi, pukuseni kwanza ndipo muoshe kwa maji mengi.

Sheria za maabara wanafunzi wengi huzikariri kama shairi bila ya kujua sababu. Usionje kitu. Usinuse kwa kuinamia chupa. Ipepee harufu kwa kiganja ije kidogo kidogo. Ukichanganya tindikali na maji, tia tindikali ndani ya maji polepole, kamwe usimimine maji ndani ya tindikali: joto linalotoka huchemsha maji yale machache papo hapo, na tindikali hukurukia usoni. Neli unayoipasha moto isimwelekee mwenzako. Na kwetu sisi kuna jambo ambalo vitabu vingi havilitaji. Mikono mipana ya kanzu na ncha za mtandio hufika kwenye moto kabla ya mwenye kuvaa kutambua. Mtandio uchomekwe ndani ya koti la maabara, mikono ikunjwe au ifungwe, na siku ya maabara ivaliwe pamba badala ya nailoni, kwa sababu nailoni ikishika moto huyeyuka na kuganda juu ya ngozi. Stara haipungui kwa kuchomeka mtandio.

Maabara hatari zaidi, hata hivyo, ni nyumba zetu, maana huko hakuna mwalimu. Nilipokuwa nikifundisha mahali pengine zamani, tulifanya usafi wa vyoo kabla ya Ramadhani. Vijana wawili, kwa nia njema kabisa, walimwaga jiki, kisha wakaongeza dawa ya choo yenye tindikali ili pang'are zaidi. Dakika haikupita wakatoka mbio wakikohoa, macho yakitiririka. Kilichozaliwa mle ni gesi ya klorini, ile ile iliyotumika kama silaha ya vita huko Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915. Alhamdulillah mlango ulikuwa wazi. Kosa lilikuwa letu walimu. Tuliwapa chupa mbili bila ya kuwaambia neno. Jiki isichanganywe na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, wala siki. Hata choo chenye mkojo kimwagiwe maji mengi kwanza, maana amonia ya mkojo nayo ikikutana na jiki hutoa gesi mbaya.

Wazazi nao nawaomba jambo moja: msiweke mafuta ya taa, magadi ya kutengenezea sabuni wala dawa yoyote kwenye chupa ya soda. Mtoto haoni dawa, anaona soda. Akinywa, msimtapishe, kilichounguza koo kikishuka kitaunguza tena kikipanda, na mafuta ya taa huweza kuingia mapafuni. Mpelekeni hospitali pamoja na chupa yenyewe, daktari ajue anapambana na nini.

La mwisho ni jiko la mkaa, hasa msimu wa mvua watu wanapoliingiza chumbani wapate joto. Mkaa ukiwaka penye hewa ya kutosha hutoa kabonidayoksaidi. Hewa ikipungua, kila atomu ya kaboni hupata oksijeni moja badala ya mbili, na hapo huzaliwa kaboni monoksaidi. Tofauti ni atomu moja tu, lakini gesi hii haina rangi, haina harufu, na huing'ang'ania damu kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu husikia kichwa kinauma, akalegea, akalala, asiamke. Watu hudanganyika kwa kuona moshi umekwisha. Moshi umekwisha kweli, lakini makaa mekundu yasiyo na moshi yanaendelea kuitoa gesi hiyo mpaka yageuke majivu. Jiko lilale nje. Mkimkuta mtu amezidiwa chumbani, mtoeni kwanza kwenye hewa safi, na anayeingia kumtoa afungue mlango na madirisha wala asikawie ndani, kisha akimbizwe hospitali hata kama amezinduka.

Wabillahi tawfiq.