Mtoto ana mzio wa chakula: utumie nini badala ya sukari?

Mtoto anapogundulika kuwa na mzio wa maziwa, karanga au mayai, wazazi wengi huanza kuishuku sukari pia. Huiondoa kwenye uji na chai, kisha hutafuta kitu kingine cha kuleta utamu: asali, sukari guru, maziwa mazito ya kopo au vidonge vya utamu. Nia ni njema. Lakini usipokuwa mwangalifu, kibadala hicho kinaweza kumletea mtoto kile kile unachojaribu kumkinga nacho.

Je, sukari husababisha mzio?

Mzio wa chakula hutokea pale kinga ya mwili inapoiona protini ya chakula fulani kama adui na kuanza kupambana nayo. Sukari nyeupe iliyosafishwa karibu haina protini kabisa, kwa hiyo ni nadra sana kuwa chanzo. Mtoto akivimba midomo baada ya kula keki, shuku kwanza mayai, maziwa, ngano au karanga zilizomo.

Hata hivyo, sukari nyingi huozesha meno na kuongeza uzito. Hiyo ni sababu nzuri ya kuipunguza, lakini si mzio. Ukiyatenganisha mambo haya mawili, utachagua vizuri zaidi.

Vibadala unavyoweza kukutana navyo

Asali. Usimpe mtoto ambaye hajatimiza miezi 12, hata ya kulamba kidoleni. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo hukua kwenye utumbo wa mtoto mchanga na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Kuichemsha jikoni hakuziui mbegu hizo. Kwa mtoto mkubwa, asali ni sukari kama sukari nyingine. Ina pia chembe za chavua, na watu wachache hupata mzio kutokana nazo.

Sukari guru na sukari ya nazi. Rangi yake ya kahawia isikudanganye, bado ni sukari. Sukari ya nazi hutengenezwa kwa utomvu wa mnazi. Kama mtoto wako hudhurika na nazi, muulize daktari kabla ya kuitumia.

Maziwa mazito ya kopo. Wengine huyatia kwenye chai au kuyapaka kwenye mkate. Kwa mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe, hayafai kabisa.

Vidonge na unga wa utamu. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miezi 6 hadi 23 wasipewe vitamu visivyo sukari. Pia baadhi ya vidonge hivi huchanganywa na laktosi, yaani sukari ya maziwa, ambayo inaweza kubeba mabaki ya protini ya maziwa. Vitamu kama sobitoli na zailitoli huweza kuleta gesi na kuharisha vikitumika kwa wingi. Huo si mzio, lakini ni rahisi kuudhania hivyo.

Ndizi mbivu na tende. Kwa watoto wengi hivi ndivyo vinavyofaa zaidi. Mtoto aliyeanza kula vyakula vya nyongeza, mpondee ndizi mbivu kwenye uji. Au loweka tende mbili kwenye maji ya moto, toa kokwa, menya ganda gumu, kisha ponda hadi zilainike. Usimpe mtoto mdogo tende nzima kwa sababu inaweza kumkaba. Epuka tende zilizojazwa lozi au korosho kama ana mzio wa njugu. Na kwa kuwa tende hunata, msafishe meno baadaye.

Uji wenyewe una nini?

Mara nyingi hatari haimo kwenye utamu bali kwenye unga. Unga wa lishe huchanganywa na karanga au soya, na wakati mwingine maziwa ya unga au dagaa. Ukinunua uliosagwa tayari, muulize muuzaji kila kilichomo. Kama hana uhakika, uache. Ni salama zaidi kununua nafaka na kuzichambua mwenyewe. Kumbuka pia kwamba mashine iliyotoka kusaga karanga huacha mabaki yanayoweza kuingia kwenye unga wako.

Kwa vyakula vya pakiti, soma orodha ya viambato kila unaponunua, hata kama ni bidhaa uliyoizoea. Maneno "whey" na "casein" kwenye pakiti yanamaanisha kuna protini ya maziwa.

Kujaribu kitu kipya

Jaribu kitu kimoja tu kwa wakati. Anza na kiasi kidogo, mchana, mtoto akiwa mzima wa afya, na umwangalie. Subiri siku chache kabla ya kuongeza kingine, ili akidhurika ujue ni nini. Kama aliwahi kupata mzio mkali, usijaribu nyumbani bila ushauri wa daktari.

Waambie pia bibi, shangazi, dada wa kazi na mwalimu. Wape orodha fupi ya vyakula asivyoruhusiwa, kwa sababu pipi au biskuti hutolewa kwa upendo, bila kujua.

Mpeleke hospitali mara moja

Usisubiri ukiona mtoto baada ya kula:
- amevimba midomo, ulimi au uso;
- anapumua kwa shida, anakoroma kifuani au sauti imekauka;
- anatapika mfululizo huku ametokwa na vipele mwili mzima;
- amelegea, amepauka au amezimia.

Kama alipewa sindano ya adrenalini, mchome kwanza kama mlivyofundishwa, kisha mwende. Usimpe maziwa wala asali "kukata sumu".

Mwisho, usiondoe vyakula vingi kwa kubahatisha, kwani mtoto anahitaji lishe ili akue. Punguza utamu wa uji kidogo kidogo kila wiki. Ulimi wa mtoto huzoea, na baada ya muda utaona hahitaji kibadala chochote.