Je, Wajua? Banda Kavu la Gari la Kizamani

Sogea hapa benchini, wewe uliyerithi Land Rover ya babu ikakaa chini ya mwembe pale Kasekese. Unataka kuijengea banda? Vizuri. Lakini je, wajua kwamba kuezeka bati ni nusu tu ya kazi? Maji yana njia nyingi za kulifikia gari, na nyingine hazipiti juu kabisa.

Ardhi, kwa mfano. Jamvi la zege likimwagwa juu ya udongo mtupu hupitisha mvuke usiku na mchana, hata kama ukiligusa ni kavu. Unabisha? Bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita sakafuni, ziba kingo zote kwa selotepu, kiache siku nzima. Ukikuta matone upande wa chini, hakuna aliyemwaga maji: yametoka chini ya miguu yako.

Dawa yake ni nailoni nzito kabla ya zege. Ile ya geji 1000 ina unene wa robo ya milimita, basi. Robo!

Na tofali la kuchoma, je? Likiwa na kilo 3, laweza kunywa maji nusu lita na bado likasimama ukutani kama halijui kitu. Ukisahau kuweka kizuizi cha unyevu kati ya msingi na ukuta, maji hupanda yenyewe mita nzima kwenda juu. Bila pampu, bila ndoo.

Sasa hesabu ya bati, shika kalamu. Land Rover 109 ina urefu wa mita 4.4 na ushee, kwa hiyo banda la mita 6 kwa 3 linaitosha, na ukiacha bati lichomoze pembeni paa linakuwa kama mita 7 kwa 4. Mvua ya milimita 50, ya mchana mmoja tu wa masika, inalimwagia paa hilo lita 1,400. Mapipa 7! Bila gata, yote hayo yanashuka pale pale kwenye msingi uliouchimba kwa jasho.

Geji 32 ni bati jembamba kuliko geji 28, wajua? Namba ikipanda, bati linapungua. Muuzaji wa duka la vifaa anajua. Wewe usiende kichwa kichwa.

Halafu bati nalo hutoa jasho. Usiku usio na mawingu, bati hupoa kuliko hewa inayolizunguka, unyevu ukageuka maji upande wa ndani, alfajiri likadondoshea gari matone wakati nje hakuna hata wingu. Wengi wanapanda juu kutafuta tundu la msumari. Tundu halipo! Dari jepesi, au nafasi ya hewa kupita chini ya bati, vinamaliza kesi.

Hewa yenyewe imebeba ndoo. Banda la mita 6 kwa 3, lenye kimo cha mita 2.5, lina mita za ujazo 45. Hewa hiyo ikiwa na joto la nyuzi 30 na imeshiba unyevu, imebeba maji zaidi ya lita 1.3. Ikipoa hadi nyuzi 20 usiku, zaidi ya nusu lita inatafuta pa kutua, na chuma baridi ndicho kiti chake.

Kutu haisubiri maji yatiririke. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi, chuma huanza kuliwa kwa kasi. Ukiwa chini ya 50, kutu karibu inalala. Na ikishaanza, kutu hujaa nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila. Ndiyo maana rangi huvimba kabla haijabanduka.

Umelifunika gari turubai la plastiki? Lifunue leo! Linazuia mvua, kweli, lakini linafungia unyevu ndani. Shuka la pamba bandani ni bora mara mia, kwa sababu linapumua.

Ila kwa kuwa uko Katavi, umebahatika, ndugu yangu. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua karibu hakuna, na kule Hifadhi ya Taifa ya Katavi mto Katuma hupungua mpaka viboko kwa mamia wanabanana kwenye madimbwi, mmoja juu ya mgongo wa mwingine. Kiboko analia, gari linacheka.

Tena bahari iko zaidi ya kilometa 800 kutoka kwako. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji hewani unyevu ukifika asilimia 75, kwa hiyo gari lililoishi Tanga au Dar es Salaam lioshwe chini ya tumbo kabla ya kulala Kasekese. Usiingize bahari bandani.

Wajua tayari unaye mwalimu wa ujenzi huu mtaani kwako? Mtazame mkulima wa tumbaku. Jani bichi ni maji kwa asilimia 80 na zaidi, na bani lake hulikausha kwa kanuni moja: hewa iingie chini, itokee juu. Toboa matundu chini na juu ya kuta za banda lako, weka wavu wa panya, umemaliza. Panya hatanii, anakula nyaya.

Ngoja, hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Meli ya Liemba, ile ya Ziwa Tanganyika, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa katika makasha 5,000. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 Waingereza wasiipate, lakini kabla ya hapo mafundi waliisiliba mitambo kwa grisi nene. Ikaibuliwa 1924, baada ya karibu miaka 8 chini ya maji, na mitambo ilikuwa bado inafaa! Mwaka 1927 ikarudi kazini, na injini zile za mvuke ziliendelea kuisukuma hadi miaka ya 1970. Sasa niambie, wewe unashindwa kupaka grisi bawaba za mlango?

Turudi kwa babu. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam Aprili 1948, na bodi yake ilikuwa ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Bodi haishiki kutu, chesesi inashika. Mbaya zaidi, alumini ikigusana na chuma penye unyevu, ni alumini inayoliwa.

Mafuta ya breki nayo hunywa maji hewani. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 205. Yakinywa maji chini ya asilimia 4 tu, huchemka kwa 140. Gari limelala bandani, breki zinazeeka.

Unaliwasha dakika tano kila Jumapili ulifurahishe? Acha! Lita 1 ya petroli ikiungua hutoa karibu lita 1 ya maji, na ekzosi isiyopata moto wa kutosha huyahifadhi kiasi. Liendeshe safari ya maana au liache lilale. Na usiliwashe mlango ukiwa umefungwa, moshi ule unaua.

Na betri ya gari, je? Zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi. Na reli ya Kaliua hadi Mpanda, yenye kilometa kama 210? Ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mpanda!

Mtu akikucheka kwamba unajengea nyumba chuma chakavu, mpe hii. Mwaka 1965 Joginder Singh alishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 ya mtumba. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7 tu, na la kwanza lilikuwa Peugeot 404. Chakavu, eti!

Mlango uwe wa mninga kama mfuko unaruhusu: ni miongoni mwa mbao zinazojikunja kidogo mno msimu ukibadilika. Lakini uinue juu ya udongo, maana malkia wa mchwa wa vichuguu hutaga mayai zaidi ya 20,000 kwa siku, na wote wanazaliwa na njaa.

Na zege? Hukomaa kwa siku 28, lakini kukauka ni habari nyingine: kama sentimeta 2.5 kwa mwezi. Jamvi la sentimeta 10 linataka miezi 4. Ukimwaga Julai, unaingiza gari Novemba, mvua ya kwanza ikibisha hodi. Hebu tazama kalenda, leo tarehe ngapi?