Je, Wajua? Mabalozi Wanawake Waliotoka Huku Kwetu

Binti wa Kapsoya anayetamani kazi ya ubalozi hana haja ya kutafuta mfano mbali. Sally Kosgei, aliyekuja kuwa mbunge wa Aldai kule Nandi, majirani zetu kabisa, aliiwakilisha Kenya jijini London tangu miaka ya 1980. Naye Amina Mohamed, mzaliwa wa Kakamega, aliingia Wizara ya Mambo ya Nje mwaka 1986 akiwa mwanasheria kijana. Mwaka 2005, akiwa balozi Geneva, aliongoza Baraza Kuu la Shirika la Biashara Duniani, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho. Mwaka 2013 akawa waziri wa kwanza mwanamke wa wizara ileile.

Kwingineko njia ilikuwa na vikwazo: nchini Uingereza, hadi 1973, mwanadiplomasia wa kike akiolewa ilibidi aache kazi. Mwenzake wa kiume alioa na kuendelea kupanda cheo. Ilikuwa dhuluma tupu.

Na je, wajua kuhusu mfuko wa kidiplomasia? Mkataba wa Vienna wa 1961 unakataza kuufungua wala kuuzuia, mradi uwe na alama zinazoonekana kwa nje. Tarishi anayeusindikiza hubeba hati rasmi inayotaja wadhifa wake na idadi ya vifurushi, na hawezi kukamatwa njiani.

Mzazi, bintiyo akikuomba karo ya kujifunza Kifaransa au Kiarabu, usimvunje moyo. Lugha hizo zote mbili ni rasmi katika Umoja wa Mataifa.