Windows na Linux Katika Laptopu Moja: Ushauri kwa Ofisi za Mpakani

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta yenye mfumo huo haikuzimika siku hiyo wala haitazimika kesho. Itaendelea kuwaka, kuchapa ankara na kufungua barua pepe, na ndiyo maana wenye ofisi wengi hawaoni sababu ya kuhangaika. Tatizo ni kwamba kila udhaifu utakaogunduliwa katika Windows 10 baada ya tarehe hiyo utabaki wazi kwenye mashine ambayo haikuandikishwa kupokea masasisho ya nyongeza, nayo kwa mtumiaji wa kawaida yana ukomo wa Oktoba 2026.

Kwa Tunduma, mpakani na Zambia, jambo hili lina uzito wake. Tangu marais Magufuli na Lungu walipozindua Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, Oktoba 2019, karatasi za mzigo unaovuka kwenda Nakonde zimezidi kuhamia kwenye kompyuta. Wakala wa forodha anashughulika na mifumo miwili ya forodha: TANCIS ya TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, upande huu na ASYCUDAWorld inayotumiwa na mamlaka ya mapato ya Zambia upande wa pili. Katikati hapo hupokea barua pepe zenye viambatisho kutoka kwa wateja asiowahi kuwaona. Kiambatisho kimoja chenye virusi kinatosha kufunga mafaili yote ya ofisi.

Mashine zenyewe, kwa sehemu kubwa, ni laptopu zilizotumika maofisini ng'ambo kisha zikafika kwetu kupitia Dubai na Kariakoo: HP EliteBook 840 G3, Lenovo ThinkPad T460, Dell Latitude E7470. Ni chuma kizuri, lakini prosesa zake ni Intel za kizazi cha 6. Windows 11 inataka, kwa Intel, kizazi cha 8 kwenda juu isipokuwa chache, pamoja na kijisanduku cha usalama kiitwacho TPM 2.0. EliteBook 840 G5 inapita, G3 na G4 hazipiti.

Mwenye G3 anaweza kuitupa Windows na kuweka Linux, mfumo endeshi wa bure ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Lakini hesabu zake ziko kwenye Tally au QuickBooks ya mezani, programu zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows. Ushauri wangu ni kuziweka zote mbili katika diski moja na kuzigawia kazi kwa kuangalia hatari: Windows ibaki na hesabu, ikiwa imekatwa intaneti, na Linux ichukue barua pepe, kivinjari na kila kinachotoka nje.

Kinachotokea ukibonyeza kitufe cha kuwasha

Kompyuta inapopata umeme haijui Windows wala Linux. Inaanza na programu ndogo iliyomo kwenye bodi yake, ambayo kazi yake ni kutafuta mfumo endeshi ulipo na kuukabidhi usukani. Katika mashine za zamani programu hiyo ni BIOS. BIOS husoma kipande cha kwanza cha diski, chenye baiti 512 tu, na humo nafasi ya maelekezo ya kuwashia ni baiti 446. Hapo hapaenei wawili. Ukiweka Windows baada ya Linux, Windows inaandika maelekezo yake juu ya yale ya mwenzake, na Linux inapotea machoni ingawa mafaili yake yako salama. Kanuni ya mafundi ya "Windows kwanza, Linux baadaye" ilitokana na hapo. Linux ikija ya pili huleta GRUB, programu inayoorodhesha mifumo yote iliyomo na kukuuliza unataka upi.

Mashine za miaka kumi na kitu iliyopita hadi sasa hutumia UEFI. Hii ina sehemu maalumu ya diski ambamo kila mfumo una folda yake, na bodi hukumbuka orodha ya nani aanze. Windows inaweza kujipandisha juu ya orodha, lakini kwa kawaida haifuti folda ya Linux. Kwa hiyo Linux ikitoweka katika mashine ya UEFI, usikimbilie kupiga upya kila kitu. Washa huku ukibonyeza F9 kwa HP, au F12 kwa Dell na Lenovo, uangalie kama bado imo kwenye orodha.

UEFI pia ina ulinzi uitwao Secure Boot. Unafanya kama ofisa anayekagua lakiri ya kontena: mfumo usio na sahihi ya kidijitali inayotambulika haupiti. Aina za Linux kama Ubuntu, Fedora na Linux Mint zinayo sahihi hiyo, kwa hiyo si lazima kuuzima. Lakini sahihi nazo huweza kubatilishwa. Agosti 2024 sasisho moja la Windows lilibatilisha matoleo ya zamani ya programu za kuwashia Linux, na kompyuta nyingi duniani zenye mifumo miwili zikagoma kuingia upande wa Linux. Funzo lake ni kusasisha pande zote mbili kabla hujaikata Windows intaneti.

Maandalizi ndiyo kazi

Kuweka Linux kwenyewe huchukua muda mfupi. Hasara nyingi hutokana na kilichorukwa kabla ya hapo.

Kwanza, nakili mafaili yote muhimu kwenye diski ya nje, kisha ichomoe. Nakala iliyobaki ndani ya diski ileile haihesabiki.

Pili, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker. Kama imefungwa, andika pembeni ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Badiliko la mpangilio wa kuwaka linaweza kuifanya Windows iudai, na bila ufunguo huo hakuna fundi atakayekufungulia. Zima pia Fast Startup. Ikiwa imewashwa, Windows haizimiki kabisa bali inalala nusu, na Linux ikiandika kwenye diski ambayo mwenzake hajaiachia, mafaili huharibika.

Tatu, punguza eneo la Windows kwa kutumia Disk Management ya Windows yenyewe. Diski ya GB 256 huonekana kama GB 238 hivi. Mgawanyo unaofaa ofisi ndogo ni GB 110 za Windows, GB 45 za Linux, na zinazobaki ziwe patisheni ya tatu ya NTFS yenye nyaraka za kazi, inayosomeka pande zote mbili. Hakikisha betri imejaa na chaja iko ukutani. Umeme ukikatika katikati ya kusogeza patisheni, unaweza kupoteza pande zote. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS isiguswe.

Nne, andaa flashi ya GB 8. Faili la Linux Mint ni karibu GB 3, la Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6. Kwa anayenunua bando, tofauti hiyo ni pesa. Pakua mara moja, hakiki kwamba faili limefika kamili, mgawane na majirani. Liandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus.

Tano, washa kompyuta kutoka kwenye flashi bila kuweka chochote. Linux huweza kufanya kazi moja kwa moja kutoka hapo. Jaribu Wi-Fi, printa na skana. Fungua mifumo ya forodha unayotumia uone kama inakubali. Kama kuna kinachogoma, umekijua kabla hujagusa diski.

Wakati wa kuweka, hakikisha flashi imewaka kwa njia ileile iliyotumika kuweka Windows, yaani zote UEFI au zote za zamani. Zikitofautiana, GRUB haitaweza kuikabidhi Windows usukani. Na kama Windows haimo kwenye orodha ya GRUB, usishtuke: tangu 2021 GRUB yenyewe imeacha kutafuta mifumo mingine bila kuamriwa. Fundi hurekebisha mstari mmoja katika mipangilio yake, na Windows inarudi.

Saa tatu zinazopotea

Kuna hitilafu moja ambayo watu wa mpakani wanaweza kuielewa vibaya. Tunduma tuko mbele ya Nakonde kwa saa moja, na simu zetu hurukaruka zikinasa mtandao wa upande wa pili. Lakini kompyuta yenye mifumo miwili huweza kukosea kwa saa tatu kamili. Sababu ni kwamba Linux huhifadhi kwenye saa ya bodi majira ya kimataifa, ambayo Tanzania iko mbele yake kwa saa tatu, wakati Windows huichukulia saa hiyohiyo kuwa ya hapa ulipo. Ukitoka Linux saa nne asubuhi, Windows itakuambia ni saa moja. Ukifanya kazi saa nane usiku, programu ya hesabu itaweka ankara tarehe ya jana. Na kwa kuwa tumeikata Windows intaneti, haitajirekebisha. Dawa ni amri moja upande wa Linux: timedatectl set-local-rtc 1.

Nani asifanye

Mwenye laptopu ya RAM GB 16 anayehitaji Windows kwa dakika chache kwa wiki anaweza kuiendesha ndani ya Linux kwa VirtualBox, bila kuzima na kuwasha. Mwenye diski ya GB 128 iliyokwisha kujaa anunue kwanza SSD kubwa zaidi. Na ofisi yenye kompyuta moja tu isifanye kazi hii siku ambayo malori yake yanasubiri kibali.

Wengine mtampelekea fundi, hapa Tunduma, Vwawa au Mbeya. Kabla hajaanza, muulize: nakala ya mafaili yangu iko wapi, mashine hii inawaka kwa UEFI au kwa njia ya zamani, na siku nikitaka kuiondoa Linux utafanyaje? Kwa swali la mwisho, jibu sahihi linaanza na kuirudishia Windows nafasi ya kwanza ya kuwaka, ndipo patisheni ya Linux ifutwe. Akijibu kwamba atafuta tu, beba laptopu yako, utafute mwingine.