Majani Yanayochomwa Uwanjani Ni Nusu ya Mboji

Asubuhi katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa husikika fagio za chelewa. Majani ya mwembe na mkungu hukusanywa pembeni mwa uwanja, kibiriti huwashwa, na moshi humfikia jirani dirishani. Baadaye ndoo ya maganda ya ndizi, majani ya mchicha yaliyochambuliwa na machicha ya nazi hutoka jikoni kwenda jalalani. Kaya moja, siku moja, imetupa vitu viwili ambavyo vikikutanishwa huzaa mboji.

Wengi waliojaribu mboji wakakata tamaa walianza na ndoo ya jikoni peke yake. Mabaki ya jikoni yana maji mengi na nitrojeni nyingi. Yakirundikwa bila kitu kingine hushikamana, hewa hukosa njia, na vijidudu wasiohitaji oksijeni hutamalaki. Matokeo ni harufu ya yai viza, funza, na inzi wanaowakera watu wa nyumba nzima. Lundo hilo halikuhitaji dawa. Lilihitaji majani yale yaliyochomwa asubuhi.

Sababu yake ni mlo wa vijidudu. Bakteria na kuvu wanaoozesha lundo hula kaboni wapate nguvu, na nitrojeni wajenge miili yao. Hufanya kazi kwa kasi zaidi wanapopata sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa kila sehemu moja ya nitrojeni. Mabaki ya jikoni hukaribia 15 hadi 20, mabua makavu ya mahindi huzidi 50, na vumbi la mbao hufika mamia, ndiyo maana likizidi lundo hukaa miezi bila kubadilika. Nyumbani hakuna haja ya mizani: ndoo moja ya mabaki mabichi kwa ndoo mbili au tatu za majani makavu yaliyokatwakatwa inatosha.

Elimu hii ina historia ndefu. Mtaalamu wa mimea kutoka Uingereza, Albert Howard, aliifanyia kazi kwa miaka kadhaa huko Indore, India, kati ya 1924 na 1931, akiwatazama wakulima wa huko na kupima walichokifanya. Alipanga mabaki ya mimea na samadi kwa tabaka, akayageuza kwa ratiba, akaandika matokeo. Katika miaka ya 1930 njia hiyo ilikwishafika kwenye mashamba ya kahawa ya Kenya na Tanganyika.

Kanuni za Indore zinaingia hata kwenye uwanja mdogo. Chini hutandikwa mabua au vijiti ili hewa ipite. Juu yake hufuata tabaka la majani makavu, la mabaki ya jikoni, kisha samadi kidogo ya mbuzi au kuku, au koleo la udongo wa juu, na mpangilio hurudiwa. Lundo lenye mita moja kwenda juu na mita moja kila upande huhifadhi joto; likiwa dogo sana hupoa kabla kazi haijaanza. Unyevu hupimwa kwa kiganja: konzi ikikamuliwa itoe tone moja au mawili, isitiririke. Nyama, samaki, mafuta ya kupikia na kinyesi cha mbwa au paka visiingie kabisa, maana huleta panya na vimelea vya magonjwa. Majivu yawe kidogo tu, kwa kuwa yakizidi huifukuza nitrojeni hewani.

Kisha huja kifaa kizuri kuliko vyote, nacho hakina bei: fimbo ndefu iliyochongwa, inayochomekwa kwa mshazari hadi katikati ya lundo. Ikichomolewa baada ya siku chache huwa ya moto mkononi. Katikati ya lundo lililopangwa vizuri joto hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, nalo likidumu kwa siku kadhaa huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Kingo hazifikii joto hilo, kwa hiyo lundo hugeuzwa kwa jembe uma, cha nje kiingie ndani. Fimbo ikitoka baridi na kavu, maji yaongezwe; ikitoka baridi na yenye uvundo, kinachokosekana ni hewa na majani makavu.

Asiye na kuku wala mbuzi ana njia nyingine. Magharibi mwa Kenya, alizeti pori inayoota kwenye nyua na kando ya barabara ilichunguzwa na watafiti, na majani yake yakikaushwa yalionekana kuwa na takriban asilimia 3.5 ya nitrojeni. Mafungu machache ya majani yake mabichi hushika nafasi ya samadi.

Isidaiwe, hata hivyo, kwamba mboji ni yuria ya bure. Yuria ina asilimia 46 ya nitrojeni; mboji ya nyumbani kwa kawaida ina asilimia moja au mbili, tena huiachia taratibu. Thamani yake kubwa ni kwa udongo wenyewe: mchanga wa pwani hushika maji zaidi, na mfinyanzi huacha kugandamana.

Katika hali ya joto mboji huwa tayari kwa miezi miwili hadi mitatu, ikiwa nyeusi, laini na yenye harufu ya udongo baada ya mvua. Mwenye shaka hupanda mbegu za mchicha kwenye kopo la mboji iliyochanganywa na udongo na jingine la udongo mtupu. Miche ya kopo la kwanza ikidumaa, lundo liachwe wiki mbili au tatu zaidi. Ikistawi, debe la lita 20 hutosha mita moja ya mraba ya tuta, likachanganywa na udongo wa juu na kufunikwa kwa matandazo ya majani makavu.