Yatima au Mkiwa? Jina la Riwaya ya Hector Malot na Tatizo la Tafsiri

Riwaya ya watoto iitwayo Sans famille, iliyotungwa na Mfaransa Hector Malot (1830-1907), ilitolewa mwaka 1878. Maana ya jina hilo ni "bila familia", nalo laonekana jepesi kufasiriwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno atakalolichagua mfasiri wa Kiswahili litaamua jinsi kitabu kizima kitakavyosomwa.

Rémi aliokotwa Paris, angali mchanga, na mwashi aitwaye Barberin, akalelewa kijijini na mke wa mwashi huyo. Alipotimiza miaka minane, Barberin, aliyekuwa ameumia kazini na kushindwa mahakamani, alimtoa kwa franka 40 kwa Vitalis, mzee Mwitalia aliyezunguka nchi akichezesha mbwa watatu na kima mmoja. Vitalis alikufa kwa baridi karibu na Paris. Rémi alipokewa na Acquin, mkulima wa maua, mpaka mvua ya mawe ilipovunja vioo vya bustani, Acquin akafungwa kwa sababu ya deni, na watoto wake wakatawanyika. Rémi akashika njia tena, safari hii pamoja na mwenziwe Mattia, mpiga fidla.

Je, huyu ni yatima? Kwa kweli baba yake mzazi alikwisha kufa, hivyo neno hilo lamfaa. Lakini Rémi mwenyewe hakuyajua hayo. Lililomwumiza si kifo cha baba asiyemjua, bali kutengwa na kila aliyempa kitanda na chakula. Hali hiyo Kiswahili huiita ukiwa. Yatima amefiwa, mkiwa hana watu. Yatima mwenye watu si mkiwa, na mwenye wazazi walio hai aweza kuwa mkiwa.

Tofauti hii ndiyo kiini cha riwaya. Waswahili husema, "Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana." Ng'ombe wa Mama Barberin aliuzwa ili kugharimia ile kesi ya mumewe, Rémi na Mattia walichuma fedha kwa muziki, wakamnunulia mwingine. Huko ni kutimiza wajibu wa mwana, ingawa damu haimo. Kinyume chake, akina Driscoll wa London walijidai kuwa ndio wazazi wake, kumbe walikuwa wezi, naye hakupata kwao hata chembe ya mapenzi.

Yawezekana kupinga kwamba mwisho wa riwaya waibatilisha hoja hii, maana Rémi ampata mama yake mzazi, Bibi Milligan, na kurithi mali ya ukoo. Pingamizi hilo lina uzito: utajiri wake watokana na damu. Hata hivyo, sura ya mwisho yawakusanya nyumbani kwake wale waliomfaa njiani, na Mama Barberin ndiye amleaye mtoto wa Rémi. Ukoo umepatikana, lakini walezi hawakuachwa.

Basi mfasiri atakayeandika "Yatima" atamwelekeza msomaji kwenye kaburi la baba. Atakayeandika "Mkiwa" atamwelekeza kwenye swali alilouliza Malot: watu wa mtu ni akina nani?